Pumu duniani inaongezeka au inapungua? Jibu kwa mwalimu mwenye watoto watatu wa inhela darasani

Swali: "Nafundisha darasa la tano, Morogoro mjini. Nina wanafunzi 52, na watatu kati yao huja shuleni na inhela ya pumu. Mama yangu, aliyekulia kijijini Kilosa, anasema enzi zao pumu ilikuwa ya mzee mmoja mmoja tu. Nikisoma mtandaoni naona wagonjwa duniani ni milioni 262, kwingine milioni 300, kwingine milioni 339. Je, pumu inaongezeka au inapungua? Na watatu darasani kwangu ni wengi?"

Mwalimu, tukilinganisha watu wa umri uleule, kiwango cha pumu kwa dunia nzima kimeshuka tangu 1990. Lakini wastani huo unaficha mambo mawili yanayokwenda kinyume. Nchi tajiri nyingi zilipanda kwa kasi hadi miaka ya 1990, kisha zikatulia au zikaanza kushuka. Miji mingi ya nchi za kipato cha chini na cha kati ilikuwa bado inapanda, na Morogoro ni mji wa nchi ya aina hiyo. Ama watatu kati ya 52, hao si wengi. Ni wachache kuliko ningetarajia, na uchache huo ndio unaonitia wasiwasi.

Nianze na takwimu zilizokuchanganya, maana zimewachanganya hata waandishi wa habari wengi. Milioni 300 ilitoka kwenye ripoti ya kimataifa ya mwaka 2004, iliyotabiri pia kwamba ifikapo 2025 wagonjwa wangefika milioni 400. Nyingine zote zimetoka kwenye mradi mmoja wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, unaoratibiwa kutoka Seattle, Marekani. Makadirio yake ya mwaka 2015 yalikuwa milioni 358, ya 2016 milioni 339, ya 2017 milioni 273, na ya 2019 milioni 262. Hii ya mwisho ndiyo Shirika la Afya Duniani limeitumia sana. Ukizipanga hivyo utadhani karibu watu milioni mia moja wamepona ndani ya miaka minne. Hawakupona. Iliyobadilishwa ni mizani, si mzigo: kila toleo la mradi huo hukokotoa upya miaka yote kurudi nyuma hadi 1990, likitumia data mpya na vigezo vilivyorekebishwa.

Kwa hiyo usichukue namba ya toleo moja ukailinganisha na ya toleo jingine. Chukua toleo moja, utazame miaka iliyomo ndani yake. Ukifanya hivyo kwa toleo la 2019, utaona kiwango cha pumu kilichorekebishwa kwa umri kilipungua kwa karibu robo kati ya 1990 na 2019, na kiwango cha vifo kwa karibu nusu. Hata hivyo, idadi ya wagonjwa iliongezeka katika miaka hiyohiyo, kwa sababu watu duniani walitoka bilioni 5.3 hadi bilioni 7.7. Ndiyo maana anayesema "wagonjwa wameongezeka" na anayesema "kiwango kimeshuka" wanaweza wote kuwa wakweli. Marekebisho ya umri yanahitajika kwa kuwa pumu haigawanyiki sawa kati ya watoto, vijana na wazee. Nchi yenye watoto wengi kama Tanzania haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na Japani.

Kuna jambo jingine. Milioni 262 kati ya watu bilioni 7.7 ni asilimia 3.4 hivi. Lakini ukiwauliza watoto wa shule kuhusu dalili, karibu mtoto mmoja kati ya kumi atakuambia anazo. Tofauti inatokana na kinachohesabiwa. Mradi wa Seattle humhesabu mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana pumu na ambaye pia kifua kilimpiga mluzi mwaka huo. Pale pasipo na data, kompyuta hujaza pengo kwa makadirio. Tafiti za mashuleni haziulizi daktari alisema nini. Zinauliza kifua kinafanya nini. Kwa nchi ambayo mtoto anaweza kukua bila kupimwa kifua hata mara moja, mimi naamini zaidi njia ya pili.

Utafiti mkubwa kuliko yote wa njia hiyo ni ISAAC, ulioanzishwa 1991 na kuratibiwa kutoka Auckland, New Zealand. Kila kituo kilichagua shule kwa kura, kikalenga watoto 3,000 wa miaka 13 na 14, na wote wakajibu hojaji moja. Swali la msingi lilikuwa: katika miezi 12 iliyopita, kifua chako kimetoa sauti ya mluzi au filimbi? Kwa kuwa watoto hueleza kifua kwa namna nyingi, vituo vingi viliongeza video yenye matukio matano. Kijana anahema kwa mluzi akiwa ametulia. Mwingine baada ya mazoezi. Mwingine anaamka usiku kwa mluzi. Mwingine anaamka kwa kikohozi. Wa mwisho yuko kwenye shambulio kali. Baada ya kila tukio mtoto anaulizwa kama pumzi yake imewahi kuwa hivyo. Hapo mtoto wa Nairobi na wa London wanajibu juu ya kitu kilekile walichokiona.

Awamu ya kwanza ilikusanya vijana 463,801 kutoka nchi 56, na tofauti zilikuwa kubwa mno. Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand zilikaribia kijana mmoja kati ya watatu. Indonesia na Albania hazikufika asilimia 5. Awamu iliyofuata, miaka saba hivi baadaye, ilikuta pengo linafungwa kutoka pande zote mbili: waliokuwa juu wanashuka, wengi waliokuwa chini wanapanda. Eldoret ilitoka takriban asilimia 10 hadi 14. Cape Town ilitoka 16 hadi 20, na iliporudiwa 2017 ikawa 21.7. Nairobi ilikuwa tayari juu, kwenye 17 hadi 18. Marudio ya karibuni zaidi, ya mtandao wa kimataifa wa pumu uitwao GAN, yalifanyika kati ya 2015 na 2020. Yamekuta mtoto mmoja kati ya kumi ana dalili, na karibu nusu ya hao dalili zao ni kali.

Marekani inafaa kutazamwa kwa sababu imepima kwa muda mrefu. Mwaka 1980 waliosema wana pumu walikuwa asilimia 3.1, mwaka 1996 walikuwa 5.5. Mwaka 1997 swali la hojaji likabadilishwa, hivyo mfululizo ukakatika. Kwa swali jipya walikuwa 7.3 mwaka 2001 na 8.4 mwaka 2010, kisha wakabaki karibu na 8. Kwa watoto, kilele kilikuwa karibu asilimia 9.5 mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ilipofika 2019 walikuwa wameshuka hadi karibu 7. Sehemu ya kupanda kule ilikuwa ugonjwa wenyewe, na sehemu ilikuwa madaktari kuzoea kuuandika. Hata sasa kuna kuzidisha. Nchini Kanada, watafiti walipowapima upya watu wazima 613 walioambiwa na daktari ndani ya miaka mitano kwamba wana pumu, thuluthi moja hawakukutwa nayo.

Sasa mama yako. Sitampinga, maana tafiti za Afrika zimeliona hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1979 watoto wa Kixhosa, Afrika Kusini, walipimwa kwa kukimbizwa. Kijijini Transkei aliyebanwa kifua alikuwa chini ya mmoja kati ya 500. Kwenye kitongoji cha Cape Town walikuwa zaidi ya watatu kati ya mia. Zimbabwe, mwaka 1991, kipimo kama hicho kilitoa asilimia 5.8 kwenye mitaa ya wenye nacho ya Harare, 3.1 kwenye mitaa ya watu wengi, na 0.1 vijijini Wedza. Kenya, mwaka 1998, asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi walibanwa baada ya kukimbia, na 13.2 ya wale wa Murang'a. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakitegemei kumbukumbu ya mtu. Mtoto anapulizia mashine, anakimbia dakika chache, kisha anapulizia tena. Mbio hulazimisha hewa nyingi kavu kupita haraka kwenye mirija, na mirija yenye pumu hujibana. Uganda nzima, kwa watu wa miaka 12 na kuendelea, utafiti wa 2019 ulipata asilimia 13.0 mjini na 8.9 vijijini. Na kwenu, wanafunzi wa sekondari wa Ilala waliripoti dalili zaidi kuliko wenzao wa Bagamoyo.

Mji una nini, basi? Watu hukimbilia kujibu moshi wa magari. Moshi unaumiza, lakini hautoshi kueleza yote. Ujerumani ilipoungana, wataalamu walitarajia pumu iwe nyingi Leipzig na Halle, mashariki, kwenye moshi mzito wa makaa ya mawe. Waliikuta nyingi zaidi Munich: asilimia 5.9 dhidi ya 3.9. Marekani kuna jamii mbili za wakulima zenye asili ya karibu, Amish na Hutterite. Amish wanalima kwa farasi na watoto wao wanaingia zizini tangu wachanga. Hutterite wanatumia mashine kubwa zilizo mbali na nyumba. Utafiti wa 2016 ulitaja pumu kwa asilimia 5.2 ya watoto wa Amish na 21.3 ya Hutterite, na vumbi la nyumba za Amish lilikuwa na mabaki mengi zaidi ya bakteria. Inaonekana kinga ya mwili inayokutana mapema na vijidudu vingi vya mifugo na udongo hujifunza kutopambana na vumbi la kawaida. Mtoto anayekulia kwenye chumba kilichofungwa, chenye godoro la sponji lililojaa wadudu wa vumbi, na anayekaa zaidi kuliko anavyocheza, hupata kinyume cha hayo. Ongeza unene, sigara ya baba sebuleni na moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma. Kuni na mkaa navyo huharibu mapafu na kuamsha mashambulio, ingawa vimekuwepo vijijini tangu enzi za mama yako bila kuleta pumu nyingi ya aina ya mjini.

Tusifanye haya kuwa sababu ya kutamani uchafu. Minyoo na kuhara viliua watoto wengi kuliko pumu itakavyowahi kuua. Tena, sehemu ya kumbukumbu ya mama inatokana na kutotambuliwa: mtoto aliyekufa kwa kubanwa kifua mwaka 1965 huenda aliandikwa nimonia, au hakuandikwa popote.

Kutotambuliwa huko kunaendelea, na ndiko kunakonirudisha kwenye darasa lako. Asilimia kumi ya 52 ni watano. Kwa kundi dogo hivyo, bahati tu inaweza kukupa wawili au tisa, kwa hiyo namba ya darasa moja haithibitishi kitu. Lakini wewe umehesabu inhela. Utafiti uliofanyika miji sita ya Afrika, ikiwemo Kampala, Lusaka na Blantyre, ulikuta asilimia 12 ya wanafunzi wana dalili, na ni mmoja tu kati ya watano wa hao aliyewahi kuambiwa ana pumu. Ukiwa na watatu wenye inhela, huenda wapo wengine wanaokohoa kimya. Njia yao huwa ileile. Mtoto anabanwa kila mvua zikianza, anapelekwa zahanati, anaandikiwa amoksilini, na baada ya siku tano anapumua vizuri. Angepata nafuu hata bila dawa hiyo, kwa kuwa shambulio dogo hupungua lenyewe; sifa inakwenda kwa antibayotiki, na mwezi wa tatu anarudi tena na "nimonia".

Unaweza kuwatafuta bila mashine. Angalia anayeacha kukimbia mapema, kisha akakohoa dakika tano hadi kumi baada ya kusimama. Kikohozi cha kuchoka hutulia haraka, cha pumu huzidi baada ya mbio. Muulize mzazi kama mwaka huu kifua kimepiga mluzi, na kama kikohozi kikavu humwamsha usiku bila mafua. ISAAC ilihesabu dalili kuwa kali kwa lolote kati ya haya matatu ndani ya miezi 12: mashambulio manne au zaidi, kuamshwa usiku mara moja au zaidi kwa wiki, au kubanwa hadi mtoto ashindwe kutamka zaidi ya neno moja au mawili kwa pumzi moja. Mwenye hata moja apelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo. Huko, mtoto wa umri huo anaweza kupulizia kipimo cha kasi ya pumzi asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Wastani wa tofauti za kila siku ukizidi asilimia 13, pumu inakuwa na ushahidi. Kosa la kawaida ni kumpima mara moja tu siku akiwa mzima. Pumu ni ugonjwa unaokuja na kuondoka, na kipimo cha siku nzuri hutoka safi.

Vifo ndipo dunia inapogawanyika vibaya zaidi. Mwaka 2019 walikadiriwa kufa watu 455,000, zaidi ya 1,200 kwa siku, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Hawakufa kwa sababu pumu yao ni ya aina nyingine. Walikosa dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa mirija na iliyopo tangu 1972. Finland ilipoisambaza kwa mpango wa kitaifa kuanzia 1994, siku za kulazwa zilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi. Salvador, Brazil, iliwapa wenye pumu kali dawa hizo bure, na kulazwa kwa pumu mjini humo kulishuka kwa asilimia 74 kati ya 1998 na 2006.

Kwetu wengi wana inhela ya bluu tu, ya salbutamol, au vidonge vyake. Salbutamol hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache. Uvimbe unabaki pale pale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauruhusu tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake. Kopo moja lina mibonyezo 200. Anayemaliza matatu kwa mwaka, yaani chini kidogo ya mibonyezo miwili kwa siku, yuko kwenye hatari ya shambulio kali. Anayemaliza kumi na mawili yuko kwenye hatari ya kufa. Waulize wazazi wa watoto wako watatu kopo la mwisho lilinunuliwa lini. Likiwa la mwezi uliopita na limekwisha, waende kliniki na swali moja: steroidi ya kuvuta ya kila siku iko wapi?

Ili dawa ya inhela ifike vizuri kifuani, weka shuleni chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokuwa na maji, kamwe isiwe ya mafuta ya taa au dawa ya shamba. Pasha waya moto, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, kisha ziba pembeni kwa gundi au utepe ili ikae kaba. Tundu likiwa pana, dawa inavujia nje. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani badala ya kufika kifuani.

Mtoto akibanwa, mketishe wima, usimlaze. Tikisa inhela, mdomo wa chupa uwe kati ya meno na midomo ifumbe, bonyeza mara moja, avute pumzi nne za kawaida ndani ya chupa. Rudia hadi mibonyezo minne. Usibonyeze mara mbili kwa mkupuo, matone hugongana na kuanguka ndani ya chupa. Subiri dakika nne. Asipopata nafuu, rudia minne mingine huku mkitafuta gari, na endelea hivyo njiani. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, akianza kusinzia, au kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla wakati bado anahangaika, msisubiri dakika hizo nne. Ukimya huo una maana kwamba hewa haipiti tena.